Kijiko, Damu na Dakika Sita

Vifaa vilikuwa viwili tu: kijiko na mshumaa. Katika hospitali ya Guy's jijini London, miaka ya 1820, daktari Richard Bright alichukua mkojo wa mgonjwa aliyevimba miguu na uso, akautia kwenye kijiko, akakishikilia juu ya mwali. Mkojo wa mtu asiye na maradhi ungechemka, basi. Huu ulishika ukungu, ukawa mweupe kama maziwa, kisha ukaganda vipande vipande, mithili ya ute wa yai unapogusa kikaango cha moto. Ilikuwa protini ya damu, iliyovujia mahali isipopaswa kufika. Mgonjwa akifariki, Bright alimpasua. Mara nyingi alikuta figo zimeharibika, nyingine zimesinyaa na kuwa ngumu, ngozi yake ina vinundu.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1827, na kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari wa Ulaya na Marekani waliyaita maradhi ya figo "ugonjwa wa Bright". Ila jambo lililomsumbua mwenyewe lilikuwa juu zaidi, kifuani. Mwaka 1836 alitoa jedwali la wagonjwa 100 wenye mkojo wa namna ile, pamoja na yaliyoonekana walipopasuliwa, na humo mioyo mikubwa ilijirudia tena na tena, kuta zake nene, hata pale ambapo vali zilikuwa nzima kabisa. Figo imeoza, na moyo umejaa misuli kama wa mchukuzi wa bandarini. Kwa nini?

Bright alitoa majibu mawili. Pengine damu iliyochafuka inauchokoza moyo moja kwa moja; au pengine inaibana mishipa midogo ya pembeni, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Jibu la pili linakaribia mno kile tunachokiita leo shinikizo la damu, na alilitoa miaka 60 kabla ya Mwitaliano Scipione Riva-Rocci kutengeneza mkanda wa kufunga mkononi, mwaka 1896. Mwaka 1842 hospitali ya Guy's ilimpa Bright wodi mbili za wagonjwa wa figo peke yao, vitanda 42, na maabara ndogo katikati. Wagonjwa huku, chupa za mkojo kule, daktari anapita kati yake. Hospitali nyingi za leo zimetenganisha kliniki ya moyo na kliniki ya figo kwa majengo mawili na foleni mbili. Wodi zile za Guy's zilikuwa mbele ya wakati wake, na pengine mbele ya wetu pia.

Kabla ya Bright, uvimbe wenyewe ndio uliokuwa ugonjwa. Kiarabu huuita istisqaa, neno lile lile la sala ya kuomba mvua, kwa sababu mgonjwa amejaa maji na bado ana kiu. Maji yalitoka wapi, moyoni, kwenye figo au kwenye ini, halikuwa swali la kujibika kitandani.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ya maana ilipopatikana ilipewa sifa zisizo zake. Mwaka 1775 daktari William Withering wa Uingereza aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya ukoo ya kutibu uvimbe, iliyofichwa kwa muda mrefu na mwanamke mmoja mzee wa Shropshire. Mchanganyiko ulikuwa na mitishamba zaidi ya 20. Withering, aliyeijua mimea kuliko madaktari wenzake, aliona upesi kuwa inayofanya kazi ni mmoja, ule wenye maua marefu ya zambarau, dijitalisi. Mwaka 1785 alichapisha kitabu chenye visa 163 vya wagonjwa wake, wakiwemo ambao dawa haikuwafaa na wale iliowatapisha nusura ya kufa. Uaminifu wa namna hiyo ni nadra hata kwenye majarida ya leo. Mwanamke mwenyewe hakutajwa jina. Lile la "Mother Hutton" linalozunguka vitabuni lilibuniwa karne ya 20 kwa ajili ya matangazo ya dawa.

Withering alimpa mgonjwa majani yale, mgonjwa akakojoa usiku kucha, uvimbe ukashuka. Aliona vizuri kwamba mmea una nguvu ya ajabu juu ya mapigo ya moyo, akaliandika hilo, lakini jina aliloupa kichwani lilibaki dawa ya kukojoza. Alipiga hodi kwa figo, aliyefungua mlango akawa moyo.

Waliokosa nafuu ya dawa walitobolewa. Kufikia mwaka 1877 daktari Reginald Southey wa London alikuwa na vibomba vyembamba vya kuchomekwa kwenye ngozi ya mguu uliovimba. Mgonjwa alikaa kitini, miguu chini, maji yakidondoka chomboni saa baada ya saa. Lita kadhaa zingeweza kutoka hivyo. Mtu aliyewahi kumuuguza mzazi mwenye moyo mkubwa, akambonyeza kifundo cha mguu na kuona kidole kimeacha shimo, anaelewa kwa nini mgonjwa aliyavumilia hayo.

Mkojo nao ulianza kusomwa kwa rangi. Mwaka 1886, mjini Königsberg, Max Jaffe alichanganya mkojo na asidi ya pikriki ndani ya magadi, akaona mchanganyiko unageuka rangi ya chungwa iliyoiva. Kilichofanya hivyo kilikuwa kreatinini, taka inayotokana na misuli. Jaffe hakuwa akitafuta kipimo cha figo. Ilimpasa Msweden aliyehamia Marekani, Otto Folin, mwaka 1904, kuigeuza rangi ile kuwa namba. Hadi leo maabara nyingi hupima kreatinini kwa rangi ya Jaffe, na karatasi ya majibu ambayo mgonjwa anakunja na kutia mfukoni ina kizazi cha 1886 ndani yake.

Kreatinini ina hila yake. Inatoka kwenye misuli, kwa hiyo bibi aliyekonda kwa ugonjwa wa moyo anaweza kuwa na namba nzuri huku figo zake zikichuja kwa shida, kwa kuwa misuli ya kuzalisha taka imekwisha. Ili kurekebisha hilo, wataalamu wa Marekani walitunga mwaka 1999 fomula iliyoingiza umri, jinsia na, kwa bahati mbaya, rangi ya ngozi: mtu mweusi alizidishiwa matokeo kwa 1.2 hivi, kwa hoja kwamba Wamarekani weusi waliopimwa walikuwa na kreatinini ya juu zaidi. Fomula ikasafiri hadi hospitali za Afrika pamoja na mashine. Watafiti wa Ghana na Afrika Kusini walipoipima kwa watu wao waliona inakaribia ukweli zaidi kizidisho hicho kikiondolewa. Marekani yenyewe ilikiacha mwaka 2021. Kwa miaka 20 na zaidi, Mwafrika mwenye figo dhaifu alikuwa akitolewa maabara na cheti cha nafuu asiyokuwa nayo.

Wakati figo zikisomwa chupani, miguu ilisahaulika. Mgonjwa wa moyo aliambiwa alale, na hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Waliopimwa pumzi na jasho walikuwa wenye afya zao. Mwaka 1923 Mwingereza A. V. Hill, aliyekuwa akijaribu mwenyewe mwili wake, alizunguka kiwanja cha nyasi mjini Manchester amebeba mfuko mkubwa wa kukusanyia hewa anayotoa, bomba mdomoni. Aliona kwamba ukiongeza mwendo, oksijeni inayotumiwa na mwili inaongezeka, kisha inafika dari: miguu inaendelea, matumizi ya oksijeni hayapandi tena. Dari hilo ndilo kipimo ambacho wataalamu wa mazoezi wameishi nacho tangu hapo.

Tiba hiyo ya kulala kitandani ilipimwa Dallas mwaka 1966. Vijana watano wenye afya, kila mmoja na umri wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani siku 20 bila ugonjwa wowote. Walipoinuka, dari lao la oksijeni lilikuwa limeshuka zaidi ya robo. Watano hao walipimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa wazee wa miaka 50, na ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwaangusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Ukiuweka utafiti huo kando ya maelfu ya wagonjwa wa moyo waliolazwa kwa miezi kwa nia njema, unapata uchungu kidogo.

Halafu likaja jambo lililowaudhi wataalamu wa ekografi. Mwaka 1981 Joseph Franciosa na wenzake walionyesha kwamba nguvu ya moyo inayopimwa mgonjwa akiwa amelala haisemi chochote cha maana juu ya umbali atakaokwenda akisimama. Kuna mwenye moyo unaosukuma robo tu ya damu iliyomo anayepanda ngazi hadi kazini, na mwenye moyo wa afadhali anayekaa chini baada ya kufua nguo mbili. Mwaka uliofuata Karl Weber na Joseph Janicki waliwapandisha wagonjwa kwenye mashine ya kutembelea, barakoa usoni, wakawapanga kwa oksijeni waliyoitumia: zaidi ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kati ya 16 na 20, kati ya 10 na 16, na chini ya 10. Mwaka 1991 Donna Mancini alitumia namba 14 kuamua nani anaweza kusubiri na nani apewe moyo wa kupandikizwa.

Mashine hizo ni ghali. Kwa hospitali isiyo nazo, Gordon Guyatt na wenzake wa Hamilton, Kanada, walichapisha mwaka 1985 kipimo cha kutembea dakika sita kwa wagonjwa wa moyo na mapafu: korido iliyonyooka, koni mbili, kiti pembeni, saa. Mgonjwa anatembea mwendo wake mwenyewe, anaruhusiwa kusimama, saa haisimami. Mwaka mmoja kabla, Guyatt alikuwa ameona kitu ambacho Kiswahili kilikwisha kukijua kwenye msamiati wake: ukimtia moyo mgonjwa njiani, anaongeza mita 30 hivi. Tangu hapo wapimaji wanasoma maneno yale yale kwa sauti ile ile kila dakika, asije mmoja akapimwa na mtu mchangamfu na mwingine na mtu aliyenuna.

Huku maabara zikijaa mashine, moyo ulikuwa bado unahesabiwa kuwa pampu. Adolfo de Bold, Muajentina aliyehamia Kingston, Ontario, alikuwa na shaka. Seli za vyumba vya juu vya moyo zina punje ndogo zinazofanana na zile za tezi, na hakuna aliyejua za nini. Mwaka 1981 yeye na wenzake walisaga vyumba hivyo vya panya, wakachuja, wakawadunga panya wengine. Chumvi kwenye mkojo iliongezeka zaidi ya mara 30, mkojo wenyewe mara kumi. Moyo ulikuwa ukizipelekea figo barua: nimejaa, toeni maji.

Barua ya pili iliandikwa anwani mbovu. Mwaka 1988 wanasayansi wa Miyazaki, Japani, waliokuwa wakichambua bongo za nguruwe, walipata kemikali ya jamii ile ile na kuipa jina la ubongo, brain kwa Kiingereza. Ndiyo herufi B ya kipimo cha BNP. Muda si mrefu ikajulikana kwamba kwa binadamu inatoka zaidi kwenye vyumba vya chini vya moyo, vinapovutwa na damu iliyozidi. Jina halikubadilishwa. Kila siku madaktari wanapima moyo kwa jina la ubongo wa nguruwe. Mwaka 1995 kundi la Christchurch, New Zealand, lilieleza kipande kingine kinachokatika wakati kemikali hiyo inaundwa, NT-proBNP, ambacho hudumu zaidi kwenye damu na hivyo ni rahisi kukipima.

Kipimo cha BNP kiliingia idara za dharura kwa kishindo. Mwaka 2002 Alan Maisel na wenzake walitangaza matokeo ya watu 1,586 waliofika hospitali wakihema, pikogramu 100 kwa mililita zikiwa mpaka wa kutenganisha moyo na sababu nyingine. Kipimo kilisaidia kweli. Ila walioshindwa na figo hawakuingizwa kwenye utafiti. Uchambuzi uliofuata kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimedhoofu bila kushindwa kabisa ulionyesha mpaka huo ungepaswa kupandishwa hadi 200 hivi. Sababu ni mbili, na kuzitenganisha ndipo kazi ilipo. Figo dhaifu huchelewesha kuondolewa kwa kemikali hizo, hasa NT-proBNP. Tena figo dhaifu hubakiza chumvi na maji, moyo ukajaa kweli, ukaandika barua nyingi zaidi. Namba kubwa kwenye karatasi inaweza kuwa kilio cha moyo, au barua za jana ambazo hakuna aliyezizoa, au vyote viwili.

Viashiria vipya vilipokuja, vilianza kuulizwa swali hilo mapema. Galektini-3, inayohusishwa na makovu kwenye misuli ya moyo, iligundulika kuegemea sana hali ya figo. ST2 ilionekana kuyumbishwa nazo kidogo zaidi. Mwaka 2008 kundi la wataalamu waliokutana Venice, akiwemo Claudio Ronco wa Vicenza, liligawa uhusiano wa moyo na figo kwa mafungu matano, kutegemea nani aliyemwangusha mwenzake na kwa kasi gani. Wengine wamelalamika kwamba mgonjwa halisi mara nyingi anaingia mafungu matatu kwa wakati mmoja. Wana haki ya kulalamika.

Damu na miguu zilikutanishwa kwa wingi katika utafiti wa HF-ACTION wa Marekani, Kanada na Ufaransa, wagonjwa 2,331 waliosajiliwa kati ya 2003 na 2007. Nusu walipangiwa mazoezi, kwanza vipindi 36 chini ya usimamizi, kisha nyumbani. Matokeo ya 2009 yalikuwa ya unyonge: dari la oksijeni lilipanda kidogo, na faida juu ya vifo na kulazwa ilijitokeza tu baada ya hesabu kurekebishwa. Wengi hawakufikia dakika walizopangiwa, jambo lisilomshangaza yeyote aliyewahi kujiandikisha mazoezi ya jioni. Ila wengi walipimwa kwenye mashine na koridoni, na baadhi yao walitolewa damu pia, kwa hiyo kiashiria kikawekwa kando ya mguu. Waliokuwa na NT-proBNP ya juu walielekea kuchoka mapema. Uhusiano upo, lakini ni wa kulegalega, na kwa mwenye figo dhaifu unalegea zaidi. Misuli yake imeliwa na taka za damu, asidi imepanda, na damu yenyewe imepungua.

Kupungua kwa damu ni kisa cha peke yake, kwa sababu figo ndizo zinazouagiza uboho kutengeneza chembe nyekundu. Agizo hilo, erithropoietini, lilisafishwa Chicago na Eugene Goldwasser mwaka 1977, kutokana na lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani, zilizokusanywa na Takaji Miyake, zikakaushwa na kubebwa kama kifurushi kimoja. Hapo tena mkojo ndio uliotoa siri. Dawa yake iliwainua wagonjwa wa kusafishwa damu, na wengi walitumaini ingewainua wa moyo. Utafiti wa RED-HF, mwaka 2013, uliokuwa na wagonjwa 2,278, ulipandisha damu ya kundi lililopewa dawa, lakini haukupunguza vifo wala kulazwa. Madini ya chuma kwa njia ya mshipa, kwa upande mwingine, katika utafiti wa FAIR-HF wa 2009, yaliongeza umbali wa dakika sita, hata kwa wenye figo dhaifu.

Jambo hilo lina uzito wake Dar es Salaam. Wagonjwa wa moyo waliofuatiliwa Muhimbili katika utafiti uliochapishwa 2014 walikuwa 427, wastani wa umri miaka 55, na sababu iliyoongoza ilikuwa shinikizo la damu, lile ambalo Bright alilihisi bila kuwa na mkanda wa kulipimia. Katika uchambuzi uliofuata, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti wa nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuwa umeonyesha umri wa miaka 52 hivi. Ulaya wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida wamepita 70.

Hodi ya karibuni zaidi imepigwa na dawa za kisukari. Mwaka 1835 wanakemia walitoa florizini kwenye gome la mti wa tufaha. Vizazi vya mbali vya kemikali hiyo vilitengenezwa ili sukari itoke kwenye mkojo. Mwaka 2019 mojawapo, dapagliflozini, ilipunguza vifo na kuzidiwa kwa wagonjwa wa moyo hata wasio na kisukari, na mwaka 2020 ikafanya hivyo hivyo kwa wa figo. Lakini ndugu yake, empagliflozini, ilipopelekwa koridoni katika tafiti mbili za EMPERIAL, mita za dakika sita hazikuongezeka kwa kiasi cha kutajika.

Kwa hiyo mgonjwa wa leo mwenye maradhi yote mawili anapita vituo vitatu asubuhi moja. Anatoa mkojo, ambao sasa unachovywa kijiti cha karatasi badala ya kuchemshwa. Anatolewa damu ya kreatinini na, pale inapopatikana, ya NT-proBNP. Kisha anasimama mwanzo wa korido, kandambili zimevuliwa na kubadilishwa viatu vya kufunga, na muuguzi mwenye saa mkononi anamwambia aanze.